Ndoa ya Paulin na Kadhi wa Baghdad

Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Mvua bado. Jua limetuchoma tangu asubuhi, na vumbi limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya msalaba ukutani. Virginie, mke wangu, ananicheka kwamba nimefungua daftari jipya kabla ya wingu la kwanza. Ni desturi niliyorithi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli kule Kongolo, na kila masika aliandika siku kwa siku jinsi mvua ilivyonyesha, kwa kuwa mvua ndiyo iliyobomoa tuta, na tuta likibomoka aliulizwa yeye. Mimi sina reli. Nina tumbo linalouma na kiti cha tatu katika korti ya komini yetu, yaani mtaa wetu, hapa Lubumbashi.

Sisi ni mahakimu watatu. Rais wetu ni Mukuka, mwenyeji wa huku, mtu wa sauti na tai, ambaye namheshimu. Wa pili ni Mzee Assumani, Mwislamu wa kutoka Kasongo. Aliwekwa kwa ajili ya mambo ya Waislamu wachache wa mji huu, lakini anakaa katika kesi zote, na katika zote anachelewa. Wa tatu ni mimi, Constantin, Mkatoliki wa kaskazini, ambaye hupiga kura mwisho. Kesi zetu ni za ndoa, matusi, kuku na kuta za ua. Tangu Katanga ijitenge na Kongo mwaka jana tumebadilishiwa bendera, muhuri na kiapo. Kuku ni walewale.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua bado. Nimekunywa maziwa kwa ajili ya tumbo. Tumbo halikusikia.

Alhamisi, 5 Oktoba

Leo imeingia kesi ambayo sikuitaka.

Mlalamikaji ni Mwape, Mlamba, kabila la wenyeji, wa upande wa Kinsevere. Amemleta mpwa wake Marie-Thérèse, mtoto wa dada yake, na kwao mjomba ndiye mwenye neno. Mume wa Marie-Thérèse ni Paulin, Mkasai, fundi wa redio. Mwezi wa nane vijana wa chama cha serikali walipoanza kuchoma nyumba za Wakasai, wageni wa jimbo jirani, Paulin alikimbilia kambi ya ONU, Umoja wa Mataifa, pamoja na maelfu ya wenzake, na mpaka leo yuko kule chini ya turubai. Akitoka, barrière ya gendarmes, kizuizi cha askari wa Katanga, iko njiani, na sote tunajua Mkasai anafanywa nini pale. Mkewe alibaki nyumbani na watoto wawili, kwa kuwa yeye ni mwenyeji na hakuna wa kumgusa.

Mwape alisimama akavua kofia.

"Bwana Juge, huyu ni mutoto ya dada yangu. Bwana yake alikimbia, akamuacha mu moto na batoto babili. Muntu wa vile njo bwana? Mutuvunjie hii mariage, tumupatie muntu mwenye kumulinda."

"Hakuniacha," akasema Marie-Thérèse. "Miye njo nilimwambia akimbie. Bangemuua."

Mukuka akamuuliza, "Anakuleteaka chakula?"

"Miye njo namupelekeaka. Kila dimanche."

Watu waliicheka safari hiyo ya kila Jumapili, na wengine walicheka kwa ubaya. Nyuma kabisa alikaa sergent Rigobert wa gendarmerie, kofia juu ya goti. Hakuna asiyejua kwamba yeye ndiye "muntu mwenye kumulinda", na kwamba anamtaka mwanamke kidogo na nyumba ya matofali sana.

Mukuka aliahirisha. Katika chumba cha nyuma akanivuta mkono.

"Costa, usijifanye mutoto. Muntu wa parti alikuya ku nyumba yangu. Hii moya ikivunjika, kuko zingine nyuma yake. Nyumba za Bakasai haziwezi kulala wazi. Mzee Assumani atasema mambo yake ya Barabu. Weye njo utakata."

Sikula mchana. Sijui wanasubiri wangapi wenye kesi ya namna hii, na wote watatutazama sisi kwanza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Niandike kuhusu Mzee Assumani, maana ninamwonea hasira na sijui kama ni haki.

Nyanya yangu alipokuwa msichana alikimbia Wangwana wenye bunduki, watu wa kanzu, wawinda watumwa, waliotoka upande huohuo wa Kasongo. Alituhadithia mpaka alipokufa. Kwa hiyo nikiona kanzu ya Assumani kwenye kamba ya nguo, mwili wangu unakumbuka jambo ambalo sikuliona mimi. Tena kuna kile kiapo. Mwaka jana tulipoitwa kuapa mbele ya bendera mpya, mimi nilikuwa natetemeka, Mukuka anafunga tai yake mara ya pili, na Mzee akawa wa kwanza kuinua mkono. Nilipomuuliza baadaye alisema kuna Kadhi mmoja wa Baghdad, wa zamani sana, mjuzi wa sheria za serikali, aliyeandika kwamba inaruhusiwa. Nikajisemea, kumbe hata woga unahitaji mwanachuoni wa kuusimamia.

Mpaka leo, tukikwama, anamtoa huyo Kadhi kama mtu anavyotoa mwavuli.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza! Virginie alitoa masufuria yote nje. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumanne, 17 Oktoba

Kesi ya Marie-Thérèse imepangwa tarehe 26. Rigobert amepita mbele ya nyumba yangu na jeep, polepole, akanisalimu kwa heshima. Ningependa anitukane.

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda na woga wangu, nimekwenda kwa Mzee Assumani. Alinipa chai yenye iliki, tamu mno. Nikamwuliza waziwazi huyo Kadhi wake alisema nini hasa.

"Ndugu yangu," akasema, "huyu Kadhi alikaa Baghdad miaka mia tisa nyuma. Wakati ule Khalifa alikuwa na jina, hana askari. Amiri mmoja anatoka huko, ananyakua jimbo kwa upanga, anakaa. Sasa Kadhi afanye nini? Angeweza kusema yule mtu ni haramu na kila kitu chake ni haramu. Ni neno zuri, linapendeza mdomoni. Lakini akafikiri: kama ni hivyo, kila ndoa iliyofungwa mule ni zinaa? Kila yatima aliyepewa haki yake amepewa wizi? Akaandika: amiri akae, ila kwa masharti. Ndoa zisimame, hukumu zisimame, haki za watu zifike. Kwa ajili ya ile tunamvumilia. Si kwa ajili ya upanga wake."

"Njo maana uliapa?"

"Njo maana niliapa. Niliona watu watazidi kuoana, bendera gani gani."

Nikanywa chai. Nje mvua ilikuwa inaanza tena.

"Na kama amiri mwenyewe anataka ndoa zivunjwe?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Basi tulimvumilia kwa nini?"

Nimerudi nyumbani nikiwa nimelowa. Nilimdhania mwoga mwenye maneno mengi. Sasa naona ameshika kitu kimoja tu, na mimi sijashika hata kimoja. Lakini kushika ni kwake. Kura ya mwisho ni yangu, na Mungu anisamehe, sitaki kuipiga.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimepata njia! Naandika haraka kabla sijaionea haya.

Kwetu korti haigusi kesi ya nyumba yenye kilio. Mkeka ukiwa chini na wanawake wamekaa, hakimu anangoja, hata awe rais wa marais. Leo sokoni nimemkuta Marie-Thérèse akinunua vinkubala, wale viwavi wa masika ambao Paulin anawapenda. Nikamsalimu, nikamwuliza habari za mama mkwe wake kule Kasai.

"Hatuna habari tangu mwaka jana, Baba."

"Kule njaa iliua bantu mingi."

Alinitazama, mkono bado ndani ya kikapu cha muuzaji. "Baba, unasema alikufa?"

"Sikusema. Nasema tu, tribunal haiingiaka mu nyumba ya kilio."

Alilipa, akaondoka. Ni mwanamke mwenye akili.

Jumapili, 22 Oktoba

Misa. Padre amehubiri juu ya kweli. Padre huyu hana simile.

Jumanne, 24 Oktoba

Kilio kimeanza nyumbani kwa Paulin. Wanawake wamejaa ndani, Marie-Thérèse yuko juu ya mkeka, nywele wazi. Wanaume wachache tumekaa nje tukizunguka babula, lile jiko la makaa, na mvua ikija tunaibeba hadi chini ya bati. Mukuka alikuja, akakunja uso, akaahirisha kesi mbele ya watu wote. Hakuweza kufanya lingine. Nilinyoosha mikono juu ya makaa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze tumbo lilinyamaza.

Virginie ananiuliza kwa nini natabasamu kwenye kilio.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mzee Assumani ameniuliza nani alileta habari ya kifo kutoka Kasai. Nikasema sijui, watu wanasema. Akafunga shuka lake vizuri, kisha akanihadithia bila kuombwa.

"Yule Kadhi alikuwa rafiki wa amiri mwenye nguvu Baghdad. Amiri akataka aitwe Mfalme wa Wafalme, watu walisome jina lile msikitini. Wajuzi wa sheria wote wakasema ndiyo, inafaa. Kadhi akasema hapana, jina lile ni la Mungu. Halafu akaenda kwake, akajifungia, akitetemeka. Mpaka sikukuu, amiri akamwita. Akamwambia: kama ungempendelea mtu, ungenipendelea miye, rafiki yako. Kwa hiyo najua ulisema haki."

"Alikuwa na bahati," nikasema.

"Alikuwa na woga, sawa na weye. Lakini hakufanya hila. Hakuua mama ya mtu."

Alijua. Nilitaka kukasirika, sikupata pa kuanzia.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mtaa wote unasema Paulin amekufa! Nani atalia hivyo kwa mama mkwe wa mbali, wanasema, mkeka wa namna ile ni wa mume. Mwape ameingia kortini na uso wa huzuni ya kuazima. Hataki tena talaka. Anataka tumtangaze mpwa wake mjane, na kwa kuwa ukoo wa mume hauko hapa wa kumfungua ujane kwa desturi, korti imfungue. Mukuka alipiga meza kwa furaha. Ndoa haivunjwi na yeyote, imevunjwa na kifo, na mtu wa chama ataridhika. Kesi ni Ijumaa tarehe 3, kilio kiwepo kisiwepo.

Nimeifungulia mlango hukumu ileile niliyoikimbia.

Jumatatu, 30 Oktoba

Nilikwenda kwa Marie-Thérèse nimwambie atoe mkeka, aseme ukweli. Alinisikiliza akiwa amekaa, sauti imemwisha kwa kulia.

"Baba, jana haikukuwa dimanche?"

"Ilikuwa."

"Mwenye kilio hatokaka. Sikuenda ku camp. Lakini mama mumoya mwenye kuuzishaka makaa alienda, akamwambia: ku nyumba yako kuko kilio ya mama yako." Alishika magoti yake. "Paulin hawezi kulala mu camp wakati banalilia mama yake ku nyumba yake. Atakuya."

Nilisema labda hatakuja. Nilisema labda mvua. Aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, nikaelewa kwamba anasikiliza nyayo za njiani.

Nilifikiria korti, muhuri, chama, kura. Sikufikiria kwamba yule mtu ana mama.

Jumatano, 1 Novemba

Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote. Mvua tangu alfajiri. Baada ya misa nimekwenda kwa miguu hadi karibu na barrière ili nipite, nifike kambini, nimwambie Paulin asitoke. Gendarmes walikuwa wanaota moto. Mmoja aliniita, "Papa, weye wa wapi?" Mimi ni mtu wa kaskazini, na kaskazini watu wanapigana na serikali hii. Nikasema nimepotea njia ya mtaa wa Makomeno. Nikageuka.

Jioni nilimwambia Mzee Assumani yote. Nilidhani atanipa sheria. Alinipa chai.

"Kadhi vitabu vyake alivificha maisha yote," akasema. "Aliogopa aliviandika kwa ajili ya sifa. Alipokuwa anakata roho akamwita mtu wake: weka mkono wako ndani ya mkono wangu. Nikiufumba, kazi yangu haikukubaliwa, vitupe vitabu mtoni. Nikiufungua, imekubaliwa."

"Akaufungua?"

"Akaufungua."

Nikamwambia mimi sina vitabu. Akasema, una Ijumaa.

Ijumaa, 3 Novemba

Siwezi kuandika. Vidole vimekataa.

Jumapili, 5 Novemba

Sasa vimelegea. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Ijumaa asubuhi mvua ilipiga bati la korti hata ikabidi tuseme kwa kupaza sauti. Mzee Assumani aliwahi. Sijapata kumwona akiwahi. Rigobert alikuja na mavazi ya kazi, akawaacha watu wake wawili mlangoni na bunduki.

"Muntu amekufa, Bwana Juge," akasema Mwape. "Avenue yote ilisikia kilio. Tunaomba tribunal imufungue mujane."

"Nani aliona maiti?" akauliza Assumani.

"Maiti ya Mukasai mu camp, nani ataiona?"

Watu walitikisa vichwa, jibu lilikuwa zuri. Mukuka akavuta kidau cha wino wa muhuri karibu. Nilikuwa nimeapa usiku mzima kwamba nitasimama na kusema. Nilikaa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikaa, na muhuri ukawa unafunguliwa.

Ndipo mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia Paulin.

Alikuwa amelowa mpaka mifupa, kichwa amekinyoa kwa ajili ya mama yake. Nyuma yake Marie-Thérèse na watoto. Baadaye nilijua alipita barrière kulipokucha, katikati ya akina mama wa makaa, gunia kichwani, mvua ikiwa kali hata gendarmes wakajikunyata ndani ya kibanda. Alifika kwake, akaanguka juu ya mkeka, akalia. Mkewe alipomwambia ukweli hakuamini. Alisema atakwenda kuwauliza mahakimu wenyewe.

Hakumtazama Mwape wala Rigobert.

"Baba zangu ba juges, naomba kuuliza. Mama yangu alikufa siku gani? Nani alileta habari?"

Mukuka alimtazama Mwape. Mzee Assumani hakunitazama, na kutonitazama kwake ndiko kulikoniinua.

"Hakuna mwenye kuleta habari," nikasema. "Ni miye. Nilimwambia bibi yako kwa mafumbo aweke kilio, juu hii kesi ingoje. Mama yako sijue. Pengine iko muzima."

Paulin alipitisha kiganja juu ya kichwa chake kilichonyolewa. "Nilimulilia, Baba," akasema. "Siku yote, njia yote, nilimulilia."

Afadhali angenipiga. Aibu nimewahi kuiona kwa watu waliosimama mbele yetu, siku hiyo aliyesimama nayo nilikuwa mimi.

Mukuka ndiye aliyejikusanya kwanza. Akasema vema, bwana ni mzima, basi kesi inarudi ya zamani: mume aliyekimbia ameacha mke, ndoa ivunjwe. Kura moja. Mzee Assumani akasema imesimama, kwani aliyekimbia moto hakumkimbia mke wake, tena mke mwenyewe hakulalamika. Kura mbili. Wote wakanigeukia. Mlangoni mmoja wa wale wenye bunduki alikuwa anapangusa maji usoni, kijana tu, na nilifikiri: huyu ataambiwa nini baada ya dakika hizi?

"Tuliapa mbele ya hii bendera juu mariage za bantu zisimame," nikasema. "Kama tunazivunja siye benyewe, tuliapa bure. Mariage inasimama."

Mukuka alisukuma muhuri kwangu. "Piga mwenyewe," akasema. Nilipiga. Niliupiga vibaya, umelala upande.

Rigobert akasimama, akavaa kofia. "Tribunal imeisha," akasema taratibu. "Sasa miye njo ninaanza." Akatoka, tukasikia jeep.

Mzee Assumani alitafuta viatu vyake chini ya meza, akavivaa, akazunguka meza na kumshika Paulin mkono wa kulia.

"Mtu aliyekuja kortini ni mgeni wa korti mpaka afike kwake," akasema. "Ni vile tangu babu zetu, kwenu na kwetu. Ndugu Constantin, kamata ule mwingine."

Mukuka alitazama karatasi zake. Namwelewa. Mpaka wiki iliyopita ningefanya hivyo hivyo na ningepata sababu nzuri. Nilishika ule mwingine.

Tukashika njia ya kambini, katikati ya barabara, watatu mkono kwa mkono, Marie-Thérèse na watoto nyuma. Mvua ilitupiga usoni. Watu walitoka vibarazani wakatutazama, na waliotutukana walikuwa wachache kuliko walionyamaza. Nilisali Salamu Maria bila kufika mwisho hata mara moja. Mzee naye alikuwa akisema yake chini chini.

Rigobert alikuwa ametutangulia. Alisimama mbele ya mti wa barrière, na akina mama wa makaa walikuwa wamepangwa pembeni wakingoja kukaguliwa.

"Huyu ni nani?" akaniuliza mimi, si Mzee.

Nilijua njia ya Makomeno. Nilikuwa nimeitumia juzi palepale.

"Ni Paulin," nikasema. "Bwana ya Marie-Thérèse. Tribunal imesema."

"Tribunal iko wapi? Miye hapa sioni tribunal."

Hapo sikuwa na neno tena, wala Mzee, wala Kadhi wake. Marie-Thérèse akapita mbele yetu. Alitoa ufunguo kutoka kwenye pindo la kitambaa chake, akamnyooshea mbele ya watu wote.

"Ulikuwa unataka nyumba. Kamata. Bwana iko wangu."

Mama mmoja wa makaa aliguna, mwingine akacheka waziwazi, na kicheko kikapita kwenye mstari wao. Rigobert aliutazama ule ufunguo, mvua ikimchuruzika kwenye kofia. Nilidhani atampiga. Kisha akauchukua, akautia mfukoni, akainua mti wa barrière kwa mkono wake mwenyewe bila kututazama.

Basi sheria imeokoa ndoa na ufunguo umeokoa mtu. Sijivuni. Hawana nyumba tena, watalala wanne chini ya turubai moja, na kama yule mama wa Kasai yu hai, mwanawe ameshamzika moyoni kwa sababu yangu.

Kwenye lango la kambi askari wa ONU walimtambua Paulin, wakafungua. Watoto walikimbilia ndani. Mzee Assumani akamwachia.

"Baba, uniachilie," Paulin akaniambia.

Nilitaka kumwachia. Niliuamuru mkono, haukutii. Nilikuwa nimemkaza tangu kortini, na vidole vilikuwa vimeganda juu ya vyake, vyeupe kwenye viungo. Nikaanza kuomba radhi, nikashindwa na hilo pia, nikalia mbele ya wale askari Wazungu na watu wote. Paulin alivishika vidole vyangu, akaanza na kidole cha mwisho, akavifungua kimoja kimoja. Halafu akashika mkono wa mkewe, wakaingia.

Tulirudi sisi wawili. Mvua ilikuwa imepungua. Tulipita barrière na hakuna aliyetuuliza neno. Mbele kidogo nikamwuliza Mzee,

"Yule Kadhi, alifungua mkono mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na kama ni muntu mwingine njo anakufungulia?"

Mzee Assumani alifikiri mpaka tulipofika kwenye reli. Alisimama, akakung'uta tope kwenye viatu, kwanza kimoja, kisha kingine.

"Hiyo hakuiandika," akasema.